Mtoto wa miezi 10, miguu imegusa siti: nimgeuze atazame mbele?

Mama Nuru

Habari zenu wanajamvi. Naomba ushauri, hasa kwa wenye watoto wadogo na usafiri wao.

Nina binti wa miezi 10, kilo 9 na ushee. Tangu azaliwe tunamfunga kwenye siti yake ya gari, ile ya kutazama nyuma, aliyotuletea wifi yangu kutoka Leicester baada ya wanawe kukua. Gari letu ni IST. Mwisho wa mwezi tunakwenda Lushoto ukweni, na safari hii imezua mjadala nyumbani.

Miguu yake sasa inafika kwenye mgongo wa siti ya gari, kwa hiyo anaikunja. Mama mkwe alipokuja kututembelea alisema mtoto anateseka, ageuzwe atazame mbele kama watu wengine. Mume wangu yeye anataka siti ihamie mbele, pembeni yake, maana mtoto akilia akiwa nyuma dereva hamwoni uso. Moyo wangu unakataa yote mawili ila sina hoja ya kuwaeleza wakanielewa. Tena ile barabara ya kutoka Mombo kupanda juu ina kona mno na mtoto huwa anatapika.

Je, kukunja miguu kuna madhara? Mtoto anageuzwa lini hasa? Na kukaa mbele kuna ubaya gani kama baba yake ni dereva makini?

Baba Wawili

Mama Nuru, kwanza hilo la mbele, maana ndilo la hatari kuliko yote. Siti ya kutazama nyuma haiwekwi mbele ya eabegi (mfuko wa hewa wa ajali) inayofanya kazi. Basi. Eabegi hufumuka kwa kufumba na kufumbua na kwa nguvu kubwa, na siti ya mtoto inakuwa imeegemea karibu kabisa na dashibodi. Itapigwa mgongoni, pale pale kichwa cha mtoto kilipo. Udereva makini wa shemeji hausaidii kitu hapo, kwa sababu eabegi inaweza kufumuka hata kama kosa ni la aliyewagonga.

Mwambie ashushe kile kibao cha kuzuia jua upande wa abiria. Magari mengi yana lebo pale yenye picha ya siti ya mtoto iliyopigwa mstari. Akiiona kwa macho yake hamtabishana tena.

Na asikubali fundi wa mtaani achomoe waya ili "kuizima". Mfumo huo mara nyingi ndio huo huo unaokaza mikanda wakati wa ajali.

Mzee wa Korogwe

Wanangu, sisi tumelea watoto wengi bila hayo masiti. Mtoto anakaa mapajani kwa mama yake, anashikwa vizuri, ananyonya, analala. Kumfunga mtoto saa sita kama mzigo si kumtesa? Nauliza kwa nia njema, maana wajukuu zangu nao wamefungwa hivyo hivyo.

Nesi wa Zamu

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la maana, na wazazi wengi wanalo ila wanaona haya kuliuliza.

Gari likiwa kwenye spidi 50 likagonga kitu likasimama, mtoto wa kilo 9 anavuta kwenda mbele kwa uzito wa kilo 150 au zaidi kwa kitambo kile kifupi. Hakuna mama duniani mwenye mikono ya kuzuia hiyo, hata awe na mapenzi kiasi gani. Na mama asipofunga mkanda, yeye mwenyewe anamlalia mtoto.

Sasa kwa nini kutazama nyuma. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa na kizito kulinganisha na mwili wake, na mifupa ya shingo bado sehemu kubwa ni gegedu. Akitazama mbele, mikanda inashika mabega, kichwa kinarushwa peke yake, shingo inabeba yote. Akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vinaingia kwenye ganda la siti kwa pamoja, nguvu inasambaa. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani inakadiria kwamba siti za watoto hupunguza vifo vya watoto wa chini ya mwaka 1 kwenye magari madogo kwa 71%.

Kuhusu kumchosha, hapo uko sahihi mzee. Safari ndefu isimamishwe kila baada ya saa moja na nusu au mbili, mtoto atolewe, anyonye, anyooshwe. Kumnyonyesha gari likitembea hapana.

Mswahili wa Göteborg

Salaam kutoka Sweden. Huku hili la kutazama nyuma ndiyo kwao. Profesa Bertil Aldman wa chuo kikuu cha Chalmers, hapa hapa Göteborg, alianza kufanyia kazi siti za namna hii miaka ya 1960, akichukua wazo kwenye viti vya wanaanga wa Marekani wa vyombo vya Gemini ambao walilala chali ili mgongo mzima upokee nguvu. Volvo wakatoa siti yao ya kutazama nyuma mwaka 1972. Mpaka leo watoto wengi huku wanatazama nyuma hadi kama miaka 4.

Miaka 4, dada! Fikiria miguu ilivyo mirefu. Mwanangu wa mwisho anakaa kama chura, magoti yamepanuka, au anaipandisha miguu juu ya mgongo wa siti ya gari na kulala fofofo. Watoto wana viungo laini, mkao unaotuuma sisi wao ndio wanaoupenda. Miguu si kipimo cha kumgeuza mtoto.

Madaktari wa watoto wa Marekani, AAP, walikuwa wakitaja miaka 2. Mwaka 2018 wakaondoa umri, wakasema atazame nyuma mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu cha siti yenyewe. Huku Ulaya siti zilizoidhinishwa kwa kanuni ya R129 haziruhusu kumgeuza kabla ya miezi 15, na hicho ni kiwango cha chini. Nuru ana miezi 10.

Fundi Temeke

Wenzangu wamemaliza nadharia, mimi niulize vitu vya kushikika. Mama Nuru, hiyo siti imeandikwa kilo ngapi? Lebo ya rangi ya chungwa pembeni au chini. Utosi wa mtoto uko wapi ukilinganisha na ukingo wa juu wa ganda? Mikanda ya mabega inatokea juu ya bega au usawa wa bega? Na imetengenezwa lini? Siti zina umri wake, nyingi miaka 6 mpaka 10, plastiki inachoka, hasa kwa jua letu hili.

Kisha ishike pale mkanda wa gari unapopita, itikise. Ikicheza zaidi ya sentimita 2.5 kushoto au kulia, haijafungwa. Chungulia pia kati ya mgongo na kikalio cha siti ya nyuma, kama kuna vyuma viwili vya ISOFIX, vya kupachikia siti ya mtoto bila mkanda, utaviona. Usipoviona si tatizo, mkanda wa pointi tatu ukifungwa sawasawa unatosha. Ila angalia mkanda wa katikati: kama ni wa kiunoni tu, usiweke siti hiyo pale, weka pembeni.

Mama Nuru

Asanteni sana, nimesoma yote kwa sauti sebuleni. Mume wangu ameshuka hadi kwenye gari, ameiona lebo ya kwenye kibao cha jua. Habari ya siti ya mbele imeisha.

Fundi: lebo inasema ECE R44/04 (kanuni ya zamani ya Ulaya ya siti za watoto), 0 mpaka 13 kg. Nyuma ya ganda kuna duara dogo la mwaka, 2019. Wifi anasema haijawahi kupata ajali. Mikanda nilikuwa nimeipandisha juu ya bega ili asibanwe. Na utosi… umebaki kama upana wa kidole kimoja kufika ukingoni.

Fundi Temeke

Mikanda ishushe leo. Kwa mtoto anayetazama nyuma inatokea usawa wa bega au chini kidogo, ndiyo inamzuia asipande juu kwenye ganda. Ukishaikaza, jaribu kufinya utepe begani kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo, bado imelegea.

Kwa uzito bado ana nafasi, kwa urefu anaelekea ukingoni. Siti nyingi za Marekani zinataka ibaki sentimita 2.5 juu ya kichwa, za Ulaya nyingi zinasema utosi usipite ukingo, soma kijitabu chake. Lushoto mtakwenda nayo na kurudi salama. Baada ya hapo anahitaji siti kubwa zaidi, na hiyo nayo iwe ya kutazama nyuma. Zipo zinazofika kilo 18 kwa kutazama nyuma. Hapo ndipo wazazi wengi wanapokosea, siti ndogo ikijaa wanamgeuza moja kwa moja.

Mama Same

La kutapika: msimshibishe karibu na Mombo. Simameni pale, apumzike, mwanzeni kupanda taratibu akiwa ametulia. Usimwekee mto wala taulo nyuma ya mgongo au chini ya mikanda kwa kuogopa matapishi, vinalegeza mikanda.

Na Lushoto kuna baridi, bibi atamvalisha sweta zito. Mkiingia garini mvueni, mfungeni mikanda ikiwa imegusa nguo nyepesi, halafu mfunikeni khanga au blanketi kwa juu. Sweta nene linajaza nafasi, unadhani umekaza kumbe ajali ikitokea linasinyaa.

Mama Nuru

Hilo la sweta nisingelijua kabisa. Mikanda nimeshusha, amelia kidogo akalala.

Kuna mtu anauza siti ya mtumba ya mpaka kilo 18. Bei nzuri, ila kijitabu anasema kimepotea. Tunakwenda kuiona Jumamosi.

Fundi Temeke

Kabla hujapoteza nauli, omba picha ya lebo ya chungwa na ya mgongo wa ganda. Lebo ionyeshe kwamba kilo 18 ni kwa kutazama nyuma, maana zipo zinazoishia 13 zikiwa zimetazama nyuma, 18 ni mbele tu. Ukifika, vua kitambaa chote, angalia ufa kwenye plastiki na nyuzi zilizochanika kwenye mikanda, funga na kufungua kifungio mara kadhaa. Kijitabu kinapatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa na jina la modeli. Muuzaji akishindwa kusema kama gari iliyokuwemo iligongwa, iache.