Gari la kutoka Kitengela kwenda Westlands kila siku

Habari za jioni ndugu zangu wa Nairobi. Nimehamishiwa huku kikazi kutoka Dar, nakaa Kitengela, ofisi iko Westlands. Matatu zimenishinda jamani: natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na bado kuna siku nafika nimechelewa. Nataka sedani ndogo, pesa yenyewe si nyingi. Kila ninayemuuliza ananijibu "chukua Toyota Axio ulale". Kuna anayeendesha njia hii kila siku anieleze ukweli? Na mara moja kwa mwezi nitakuwa naenda Arusha kumwona mama.

Mgeni wa Kitengela

*

Dada, karibu sana, na pole na matatu. Mimi nina Axio ya 2014, mwaka wa nne sasa, na njia yangu ni hiyo hiyo yako, ila naishia Museum Hill. Sijutii kuinunua. Lakini ningekuwa nanunua leo, kwa safari hizo unazozitaja, nisingechukua Axio.

Nianze na lile linalotushtua sote tuliotoka Dar. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa kiasi cha moja ya tano hivi. Injini isiyo na turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa, inavuta hewa pungufu, basi zile nguvu farasi 109 za kwenye makaratasi huku hazifiki 95. Kwenye foleni hutajua. Utajua siku mko watu wanne na mizigo, unataka kulipita lori la Mombasa pale Athi River. Unakanyaga, giaboksi ya CVT, ile isiyo na gia za hatua, inapandisha mzunguko, injini inalia kama blenda, na lori bado liko ubavuni mwako.

Halafu Axio ni nyepesi, kama tani moja na kilo mia hivi, kwa sababu chini yake ni Toyota Vitz, kale kagari kadogo, iliyoongezwa buti. Mjini huo ndio utamu wake: inageuka popote, inakunywa kidogo. Barabara kuu lori likikupita kwa kasi, upepo wake unausukuma usukani, unashika kwa mikono miwili. Ukifika kilomita 100 kwa saa sauti ya matairi inapanda mpaka unaongeza redio. Siku moja si kitu. Saa mbili na nusu za barabarani kila siku ya kazi, Ijumaa jioni kichwa kinagonga na hujui kwa nini.

Ukiiacha Axio, kuna Toyota Premio ya 1500cc: ina injini ile ile ya 1NZ niliyo nayo mimi, kwa hiyo fundi yeyote anaijua, na vipuri utavipata Kirinyaga Road bila kuzungushwa. Ni nzito zaidi, kilima inapanda taratibu, lakini ndani kumetulia na kiti kinashika mgongo. Premio ilikoma kutengenezwa 2021, na bei yake haishuki kirahisi kwa sababu Wakenya wanaipenda mno. Mazda Axela ya 1500 naiona ndiyo inayoshika lami kuliko zote mbili, tena giaboksi yake ni ya gia sita za kweli, haina kulia kule. Ila ukiichukua, oili ibadilishwe kwa wakati na iwe ile inayotakiwa, na utafute fundi anayezijua Mazda kabla hujalipa. Fundi wa chini ya mti atakuambia anaijua. Haijui.

Sasa pesa, maana naona wote wanakutajia mafuta tu. Kutoka kwako hadi Westlands tuseme kilomita 37. Kwenda na kurudi 74, siku 22 za kazi ni 1,628. Gari linalokwenda kilomita 14 kwa lita litatumia lita 116 hivi. La kilomita 12, lita 136. Tukiweka lita moja shilingi 180 kwa urahisi wa hesabu, tofauti haifiki 3,600 kwa mwezi. Ukipita Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, kutoka Mlolongo hadi Westlands, tangu Januari 2024 tozo ya gari dogo ni 500. Kwenda na kurudi kila siku ni 22,000! Kwa mwenzangu mwenye gari la kilomita 14, hiyo tozo inazidi mafuta yote ya mwezi. Mimi asubuhi napanda juu, jioni nashuka kwenye foleni ya chini na wenzangu. Amua hilo kwanza, ndipo ujue gari gani unaliweza. Na huko juu mwisho ni 80 kwa saa, usije ukanunua mbio ambazo hutazitumia.

Kuhusu umri wa gari: kwetu Tanzania gari kuukuu linaingia ukilipia uchakavu wake. Hapa likizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii kabisa. Kwa hiyo Axio nyingi za petroli zinazotoka meli sasa hivi ni zile zenye injini mpya inayojizima kwenye foleni na kujiwasha, na betri yake si ya kawaida, bei yake imechangamka. Ukitaka 1NZ kwenye Axio, rahisi zaidi ni kununua ya mkononi, hapa hapa.

Hapo kwenye ya mkononi ndipo nilipoumia. Yadi moja, sitaitaja, waliniuzia gari lenye kilomita 68,000 kwenye dashibodi. Nilikuwa na furaha, nikasaini. Siku ya tatu nikiwa kwenye foleni nikaangalia miguuni: mpira wa pedali ya breki umelika upande mmoja mpaka chuma kinaonekana. Usukani nao umeng'aa pale saa tatu na saa tisa kama kipini cha jembe. Gari la kilomita 68,000 halifiki huko. Tangu hapo mtu akiniita kumtazamia gari, naanza na pedali. Karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoeleza hali ya gari, naisoma baadaye.

La mwisho, usilijaribu gari pale Ngong Road kwa dakika kumi huku muuzaji anakupigia stori. Lilete huku, saa unayotoka kazini. Upite na barabara ya mtaani kwako pia, maana udongo mweusi wa Kitengela ukilowa unaacha mashimo, na sedani iko chini. Plastiki ya uvunguni kwangu inashikiliwa na waya tangu masika ya mwaka juzi.

Kwa Arusha, ukiwa na namba za Kenya chukua ile kadi ya njano ya COMESA, bima ya kuvukia mpaka, kwa kampuni yako ya bima kabla hujafika Namanga. Kukaa pale mpakani unahangaika nayo na mama anasubiri chakula kipoe, hapana.

Wa Museum Hill

*

Kaka umesema yote ila umeiruka haibridi, gari la mafuta na umeme pamoja. Ninayo Axio haibridi. Kwenye foleni ya Bellevue naenda kwa umeme kimya kabisa, mafuta nimeyasahau. Lakini nikiri, barabara ya Namanga faida hiyo inapungua sana, maana pale injini inafanya kazi muda wote. Na dada, kama utaichukua: betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, na inavuta hewa ya kujipoza kutoka humo humo ndani ya gari. Vumbi la Kitengela linaziba kichujio chake. Mimi nakisafisha kwa brashi laini kila baada ya miezi miwili. Aliyeniuzia hakuniambia, niliambiwa na taa ya dashibodi.

*

Asanteni sana kaka zangu, nimeelewa. Tozo sikuwa nimeihesabu kabisa, nilikuwa nalinganisha lita tu. Nimepata Premio ya 2016 kwa mama mmoja wa Syokimau, nimetuma kwanza picha ya pedali za miguu akacheka. Kesho jioni tunaendesha naye hadi Westlands na kurudi. Amekubali, ila mafuta niweke mwenyewe.