Mjadala: Je, ndege za mabomu zilizozama na wanajeshi wake ziopolewe?

Wapo wanaoshikilia kwamba ndege ya vita iliyotunguliwa ikazama na watu wake ni kaburi, na kaburi halifukuliwi. Uingereza imeufuata msimamo huo kwa muda mrefu: sheria yake ya mwaka 1986 inakataza kugusa mabaki ya ndege ya kijeshi bila kibali cha Wizara ya Ulinzi, na kwa kawaida kibali hicho hakitolewi panapodhaniwa kuwa ndani bado mna miili. Nauheshimu msimamo huo, lakini naupinga. Kwa maoni yangu, kuwapo kwa miili ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuiopoa ndege.

Tazameni jinsi mambo yanavyokwenda sasa. Juni 2013, makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza yaliinua ndege ya Kijerumani aina ya Dornier 17 kutoka Goodwin Sands, mafungu ya mchanga yaliyo baharini karibu na pwani ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, ilikokuwa imelala chali mchangani tangu ilipotunguliwa Agosti 1940, inavyoaminika na ndege za kivita aina ya Defiant. Wanajeshi wake walikuwa wanne: wawili walinusurika wakatekwa, na miili ya wawili waliokufa ilikwisha kupatikana zamani na kuzikwa. Hapakuwa na wa kutafutwa humo. Hata hivyo zilitumika fedha nyingi, na hali ya hewa ilipoharibu mpango wa kuijengea fremu ya kuibeba, ikafungwa kamba na kuinuliwa hivyo hivyo, kisha ikapelekwa Cosford, kwenye kituo cha makumbusho hayo, kunyunyiziwa asidi ya limau kwa muda mrefu, kwa kuwa chumvi ya bahari huila aluminiamu kwa kasi ikishakutana na hewa. Sikatai thamani yake, maana hakuna Dornier 17 nyingine iliyosalia ikikaribia kuwa nzima. Ninachokataa ni utaratibu unaokiokoa chuma na kumwacha mtu.

Uholanzi imechagua njia nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Machi 1943, ndege ya Uingereza aina ya Stirling, namba BK716, ikirejea kutoka kuishambulia Berlin, ilitunguliwa na ndege ya kivita ya usiku ya Wajerumani na kuanguka katika maji yanayoitwa leo Markermeer, ambayo hadi mwaka 1932 yalikuwa sehemu ya ghuba ya bahari. Wote saba walikufa. Mwaka 2020, chini ya mpango wa taifa wa kuopoa ndege zinazodhaniwa kuwa na wanajeshi waliopotea, ililetwa juu vipande vipande, na matope yake yakachekechwa ili mfupa usipotee. Mabaki ya binadamu yalipatikana. Watu hao walikuwa miongoni mwa zaidi ya 20,000 ambao majina yao yamechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Runnymede, Uingereza, kwa sababu hawana kaburi linalojulikana.

Nitaambiwa kwamba mabaharia huachwa ndani ya meli zao zilizozama, kama ilivyo kwa Royal Oak, meli ya kivita ya Uingereza iliyozamishwa katika ghuba ya Scapa Flow, Scotland, mwaka 1939, na kwamba ndugu wa karibu wa wanajeshi hao wengi wao wamekwisha kufa. Hoja ya kwanza ni nzito, na pale ambapo kina ni kirefu sana naikubali. Lakini ndege nyingi zimelala kwenye maji mafupi, katika mchanga unaohamahama, penye nyavu na mashine za kuchimba. Na mwaka 2018 kilitolewa kibali cha kuchimba mchanga wa Goodwin Sands kwa ajili ya bandari ya Dover, ingawa wapinzani walionya kwamba humo mna ndege zilizoanguka na watu wake.

Basi wanaosema waachwe walale kwa amani watujibu: ikiwa mchanga huo unaweza kuchimbwa kujengea gati, kwa nini usichimbwe kwanza kumtafuta aliyezikwa humo bila jina?