Dune: tuanze na riwaya, filamu ya 1984 au zile mbili za Villeneuve?

Msomaji_Moro
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu yuko kidato cha tano, ameona vipande vya Dune kwenye simu ya rafiki yake na tangu hapo hanipumzishi. Mimi mwenyewe sijaigusa. Hadithi za kisayansi nilizozoea ni za roboti na vyombo vya angani. Nilipotafuta nikakuta njia nyingi: riwaya ya Frank Herbert ya 1965, filamu ya David Lynch ya 1984, tamthilia ya televisheni ya 2000, filamu mbili za Denis Villeneuve za 2021 na 2024, na kuna hata riwaya ya katuni. Tuna wiki tatu za likizo na tunataka kuipitia pamoja. Tuanzie wapi?

Fundi_wa_Projekta
Filamu ya 2021, mkuu, wala usisite. Kitabu kinakutupa katikati ya majina: Atreides, Harkonnen, Bene Gesserit, Kwisatz Haderach, na hakuna anayekuelezea. Nimeona vijana wengi wakikiweka chini kabla ya ukurasa wa 40. Filamu inakupa sura ya kila jina. Ukishamwona Mtawala Leto na mwanawe Paul wakihama sayari yao ya bahari kwenda Arrakis isiyo na mvua, kitabu kinakuwa chepesi.

Ila mtafute spika nzuri. Filamu ya kwanza ilipata Oscar 6, na moja ni ya sauti. Ya pili ilipata 2, na hapo pia sauti ilishinda. Kuitazama kwa spika ya simu ni kuipunja. Jumla ni saa 5 na dakika 21, kwa hiyo gaweni usiku mbili.

Jangwa_na_Mvua
Fundi, naheshimu hoja yako lakini kwa kijana wa kidato cha tano nasema kitabu kwanza, na nitaeleza kwa nini.

Dune haikuanza na vita wala unabii. Ilianza na mchanga. Mwaka 1957 Herbert, akiwa mwandishi wa habari, alikwenda Florence, jimbo la Oregon, ambako vilima vya mchanga vilikuwa vinahama na kufunika barabara, na wataalamu wa serikali walikuwa wanavizuia kwa kupanda nyasi. Makala aliyokusudia haikukamilika, lakini jambo lenyewe halikumtoka. Ndiyo maana kiini cha riwaya ni hesabu ya maji: nani anayo, yanapotea wapi, jasho linarudishwaje mwilini kwa vazi maalumu, na ni nyasi gani ipandwe upande gani wa kilima ili upepo usikisogeze. Mwanaikolojia wa sayari ile, Kynes, ana mpango wa kuigeuza jangwa kuwa ardhi ya miti kwa vizazi vingi, na Wafremen, wenyeji wa jangwa lile, wanajinyima maji leo kwa ajili ya watoto ambao hawatawaona. Mwishoni mwa kitabu kuna kiambatisho kizima juu ya ikolojia ya Arrakis. Kijana anayesoma jiografia au baiolojia atakipenda hicho kuliko mapanga.

Filamu za Villeneuve zinaonyesha jangwa kwa uzuri ambao sijauona popote, lakini hesabu hiyo ya maji na mimea imebaki vipande tu. Saa tano hazitoshi.

Na fikirini juu ya ujasiri wa kitabu chenyewe. Wachapishaji zaidi ya 20 walikikataa. Aliyekikubali ni Chilton, kampuni iliyojulikana kwa vitabu vya ufundi wa magari. Kikapata tuzo ya Nebula, na mwaka 1966 kikagawana tuzo ya Hugo na riwaya nyingine, zote mbili tuzo za hadithi za kisayansi.

Mzee_wa_Kanda
Wanangu, msiitupe ile ya 1984. Niliiona kwenye kanda ya video nikiwa mdogo na taswira zake hazijanitoka: Baron Harkonnen, adui wa akina Atreides, akielea hewani, yule rubani wa Chama cha Wasafirishaji ndani ya tangi lake la moshi, fanicha za kasri kama za kanisa kongwe. Lynch aliingia kwenye ugeni wa Dune moja kwa moja. Villeneuve ni msafi zaidi, ila kuna nyakati usafi unaondoa kizunguzungu ambacho kitabu kinacho.

Ana dosari, sikatai. Dakika 137 kwa kitabu chote ni kama kumimina pipa kwenye chupa ya soda, na wahusika wananong'ona mawazo yao muda wote ili mtazamaji asipotee.

Jangwa_na_Mvua
Mzee wangu, nakuunga mkono kwenye taswira. Kinachonishinda ni ile mvua ya mwisho. (Msomaji, ruka hapa kama hutaki kufichuliwa.) Paul anashinda na papo hapo mvua inanyesha Arrakis. Kwenye kitabu maji ni sumu kwa mnyoo mkubwa wa jangwani, na bila mnyoo hakuna ile spaisi, kiungo cha thamani kinachopatikana Arrakis tu, na bila spaisi hakuna safari za anga. Mvua moja ingeharibu kila kitu. Halafu inamfanya Paul kuwa mwokozi kweli, wakati Herbert alikuwa anatuonya juu ya watu wanaomfuata kiongozi kwa sababu tu amefanana na unabii wao.

Hapo ndipo filamu ya 2024 ilipofanya vizuri kuliko zote. Chani, mpenzi wa Paul wa Kifremen, amegeuzwa kuwa mtu asiyeuamini unabii ule, na uso wake wa mwisho unasema kile ambacho wasomaji wengi wa 1965 hawakukisikia. Herbert ilibidi aandike riwaya ya pili mwaka 1969 ili aeleweke.

BintiKuze
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mmezungumza jangwa, mmezungumza Oscar, na hakuna aliyetaja lugha! Sisi tukikisoma kitabu hiki tunasikia jambo ambalo msomaji wa Chicago halisikii.

Nilipokifungua mara ya kwanza nilianzia nyuma, kwenye faharasa ya maneno ya Dola. Nikakuta *aql*, jaribio la akili. *Ilm*. *Burhan*. *Shaitan*. *Karama*, ambayo Herbert anaifasiri kuwa muujiza. *Baraka*, ila kwake baraka ni mtu, walii aliye hai. *Misr*, jina ambalo mababu wa Wafremen walijiita. Lile la *Lisan al-Gaib*, jina la mwokozi wa unabii wa Wafremen, lina ghaibu ndani yake. Na Muad'Dib, jina la panya wa jangwani ambalo Paul analichagua: kwa Kiarabu mu'addib ni mwalimu, mwenye kumtia mtoto adabu. Sisi tunasema kumwadibu mtu. Nilikaa barazani kwa nyanya yangu nikimsomea orodha ile, naye akayajua maneno mengi bila ya kujua Dune ni nini.

Herbert ameyachukua kwingi. Baadhi yametoka kwenye kitabu cha Lesley Blanch cha 1960 juu ya Imam Shamil na vita vya Kaukasi. Chakobsa, lugha ya siri, imetoka huko. *Sietch*, makao ya Wafremen, ni ya Wakosaki wa Ukraine.

Sasa tazameni filamu. Mahdi lipo, Lisan al-Gaib lipo, lakini maneno mengi yamepungua, na jihad, ambalo kitabu kinalitumia wazi, limebadilishwa kuwa vita vitakatifu. Kifremen cha filamu kimeundwa upya na wanaisimu, na ni kazi nzuri ya kitaalamu. Lakini nilipokuwa nimekaa sinema nilihisi mlango niliouingilia mimi umefungwa nusu. Kwa hiyo mie niko na Jangwa. Kitabu kwanza.

Liwa_Usiku
Niko Abu Dhabi mwaka wa sita. Sehemu ya jangwa la filamu zote mbili ni Liwa, na miamba ni ya Wadi Rum, Jordan. Nimesimama juu ya vilima vile saa kumi na mbili asubuhi. Rangi ile haikutiwa kwa kompyuta. Mchanga unapoporomoka unatoa mngurumo unaousikia kifuani, na nilipoona filamu nikajua wamekaa pale wakausikiliza. Kwa hilo peke yake nampa Villeneuve.

Nyota_Kaskazini
Tamthilia ya 2000: saa nne na zaidi, imefuata njama ya kitabu kwa uaminifu, ila jangwa lake ni pazia lililochorwa studioni. Itazameni baadaye, kulinganisha. Riwaya ya katuni ina juzuu tatu (2020, 2022, 2024) na inafaa sana kwa anayeona Kiingereza cha kitabu ni kizito kidogo; mwanangu ilimbeba.

Fundi_wa_Projekta
BintiKuze, hilo la maneno sikuwahi kulifikiria, na nimekisoma mara mbili. Narudi kwenye faharasa leo. Ila bado nasema kijana akikwama, mpeni filamu ya kwanza peke yake, kisha arudi kitabuni. Filamu inaishia pale Paul na mama yake wanapokutana na Wafremen, kwa hiyo nusu ya pili ya kitabu inabaki mpya kwake.

Msomaji_Moro
Nimewasikia wote, asanteni sana. Tumepanga hivi: kitabu, na filamu ya 2021 tutaiangalia tukifika pale alipopataja Fundi. Ya 2024 mwisho wa likizo, na ya mzee wetu Jumapili moja tukiwa na nafasi.

Taarifa ya siku ya nne: tuko ukurasa wa 60, tunapokezana kusoma kwa sauti baada ya chakula cha usiku. Dogo ameanzia nyuma kama dada BintiKuze na ameshajaza kurasa mbili za daftari kwa maneno anayoyatambua. Amekwama kwenye *Usul*. Kitabu kinasema ni msingi wa nguzo. Anauliza kama ni letu pia.

BintiKuze
Mwambie ni letu. Usuli: chanzo, shina la jambo. Kwa Kiarabu ni wingi wa asl, na hiyo asl ndiyo tuliyoipata sisi ikawa asili. Akifika Paul anapopewa jina hilo na Stilgar, kiongozi wa Wafremen, asimame hapo kidogo kabla ya kufungua ukurasa.