Mrejesho: Baba yangu na besiboli ya Kuba

Nilipoomba ushauri wa namna ya kumkaribia baba, ambaye tangu astaafu na kuhamia kwetu Kisasa, hapa Dodoma, alikuwa akijibu "marahaba" na kunyamaza, wengi mlinielekeza nimuulize habari za ujana wake, hasa miaka aliyosoma Kuba. Nawashukuru kwa dhati, maana ushauri huo umezaa matunda.

Nilimtafutia mtandaoni fainali ya besiboli, ule mchezo ambao mmoja hurusha mpira na mpinzani wake huupiga kwa rungu, ya Olimpiki ya mwaka 1996 kule Atlanta, ambapo Kuba iliifunga Japani 13 kwa 9, tukaiangalia sebuleni baada ya chakula cha jioni. Baba aliagiza daftari na penseli, akachora miraba, akawa anaandika kila mpigaji alipoishia. Aliyetolewa kwa kupiga hewa alimwandikia herufi K. Aliyetolewa kwa kusimama tu akiutazama mpira wa mwisho ukipita, bila kujaribu kuupiga, alimwandikia K iliyogeuzwa nyuma mbele. "Huyu aliogopa, mwanangu," aliniambia, kisha akanieleza kwa kirefu jinsi mrushaji anavyomsoma mpigaji, mambo aliyojifunza kwa wenyeji wake majukwaani Havana. Sijawahi kumsikia akizungumza kwa muda mrefu namna ile.

Siku hizi yeye huandika timu moja, mimi nyingine, na nikikosea hunisahihisha kwa upole ambao, kusema kweli, nimeutamani tangu utotoni. Kijana wangu naye ameomba rungu lake, na babu yake ameshazungumza na fundi seremala wa Majengo amchongee la mninga.