Naombeni ushauri: niachane na gitaa?

Nyuzi Sita (mleta mada): Wakuu, habari zenu. Nina miaka 2 najifunza gitaa. Mdogo wangu kalishika miezi 3 tu, akisikia wimbo mara moja anaupiga. Mimi kutoka mshiko wa nyuzi wa C kwenda wa F vidole vinakufa ganzi kama nimeulalia mkono. Naona wengine tumenyimwa kipaji. Niachane nalo? Hata usingizi sipati.

Babu Kijana: Pole mkuu. Mimi mwalimu wa kwaya aliniambia nina sauti ya mlango usiotiwa mafuta, nikaacha. Sasa naimba bafuni, mke wangu anaongeza redio.

Kichuguu: Kipchoge alikosa timu ya Olimpiki 2012, akahamia marathoni. 2019 kule Vienna akamaliza kilomita 42 na ushee kwa 1:59:40. Wewe F tu inakuliza?

Mbishi: Acha kumdanganya mwenzio. Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, akiwa na miaka 18. Kipaji kilikuwepo.

Kichuguu: Na hiyo miaka 16 hadi Vienna alikuwa kalala?

Shangazi wa Fidla: Mbio tuziache. Mleta mada, kwa siku unafanya mazoezi muda gani? Ncha za vidole vya kushoto zina sugu?

Nyuzi Sita: Inategemea ratiba, shangazi.

Shangazi wa Fidla: Sijauliza ratiba.

Nyuzi Sita: Jumapili, kama nusu saa. Sugu zilikuwepo. Waya wa kwanza ulikatika, ukakaa hivyo miezi. Ila dogo naye hajafundishwa na mtu, yeye analala nalo tu kitandani. Na kusema kweli kuna mtu analinunua, nimeshapokea nusu ya hela. Sioni kosa, kitu usichokiweza unakiachia wengine.

Shangazi wa Fidla: Analala nalo, halafu unaita kipaji! Mwaka 1993 mwanasaikolojia Ericsson na wenzake walichunguza wapiga fidla wa chuo cha muziki Berlin. Waliokuwa bora, kufikia miaka 20 walishafanya mazoezi ya peke yao kwa wastani wa zaidi ya saa 10,000. Nusu saa yako ya Jumapili kwa miaka 2 ni saa 52, tena kama hukukosa hata moja. Na mazoezi si kurudia wimbo unaoujua. Ni kung'ang'ana na pale panapokushinda: C, F, C, F, polepole, dakika 10 kila siku, mpaka uchukie.

Mbishi: Ngojeni kwanza. Nyuzi Sita, mwezi uliopita kwenye uzi wa vitinda mimba ulisema wewe ndiye wa mwisho kwenu. Huyo mdogo kazaliwa lini? Wakuu, tumenyweshwa chai.

Kichuguu: Nilijua tu!

Nyuzi Sita: Ni mtoto wa mama mdogo jamani.

Babu Kijana: Chai au si chai, gitaa la nyuzi tano nani ananunua?

Nyuzi Sita: Ni huyo huyo dogo. Liko kwake miezi 3 sasa. Waya aliweka mwenyewe siku ya kwanza.