Yakuti samawi iliyochomwa: buluu inatoka wapi?

Mwulizaji: Wakuu, habari zenu. Nina yakuti samawi, na muuzaji aliniambia wazi kwamba imechomwa. Moto kufuta rangi naelewa. Kuongeza je?

Mkata vito: Salama mkuu. Moto haupaki rangi. Yakuti tupu, yaani aluminiamu na oksijeni basi, haina rangi, ni kama kioo. Chuma kikiingia peke yake inakuwa njano; kromiamu huleta pinki. Buluu inataka chuma na titani vikae jirani: mwanga ukipita, elektroni inahama kutoka chuma kwenda titani, mwanga wa njano na mwekundu unamezwa, buluu inapita. Asilimia 0.01 ya titani inatosha, ilimradi chuma kipo.

Sasa chukua geuda, yakuti zenye ukungu za Sri Lanka. Titani imo, ila imejifungia kwenye visindano vya rutili, madini ya titani, na jiwe linafanana na maziwa yaliyochujwa. Lichome nyuzi 1500 hadi 1800 za Selsiasi, oksijeni iwe kidogo: visindano vinayeyuka, titani inasambaa, inakutana na chuma. Ukiongeza oksijeni buluu inapungua, ndiyo maana mawe meusi mno huchomwa hivyo ili yafunguke.

Mchangiaji: Mwambie na zile za kupachikwa rangi.

Mkata vito: Hizo ni habari nyingine. Titani inatoka nje, inapenyezwa kwa moto, na haipenyi hata milimita. Niliwahi kuletewa moja niing'arishe upya. Sahani ya kusugulia ilipogusa tu, upande ule ukapauka. Mwulizaji, litumbukize kwenye glasi ya maji juu ya karatasi nyeupe, uangalie kwa lenzi. Buluu ikikolea kwenye kingo tu, shaka hiyo. Beriliamu, nayo hupachikwa kwa moto, ndiyo mwizi mkubwa, inafika hadi katikati. Ilipogundulika mwanzoni mwa miaka ya 2000, soko la yakuti za rangi ya chungwa lilitikisika. Hiyo inataka maabara yenye kipimo cha leza.

Mwulizaji: Nimetumbukiza. Kingo ziko sawa. Naona mistari iliyonyooka inayokunja kona, ila imefifia.

Mkata vito: Kona hizo ni za jiwe lilivyokua ardhini, la kiwandani la kuyeyushwa kwa moto mistari yake hupinda. Kufifia ni kawaida kwa lililochomwa. Muuzaji wako kasema kweli, bei tu iwe ya jiwe lililochomwa.