Kujenga upya safu ya mbele: takle raundi ya kwanza, au mpokeaji kwanza halafu senta na gadi?

Yadi_Kumi: Wakuu, drafti (siku ya kuchagua wachezaji kwa zamu) ya ligi yetu ya gemu ya mpira wa Kimarekani, NFL, ni Jumamosi. Safu yangu ya mbele imeoza, kwotabeki, yule mrusha mpira, anaangushwa kila mechi. Nichukue takle wa kushoto (mlinzi wa pembeni mwa safu) raundi ya kwanza, au mpokeaji mkali wa kudaka pasi kwanza, halafu senta (wa katikati) na gadi (wa kando ya senta) raundi ya 2 na ya 3? Nishaurini.

MamaKwotabeki: Timu gani, mkuu? Unachagua wa ngapi? Kwotabeki anatupa kwa mkono gani? Kama ni wa kushoto, mgongo wake unalindwa na takle wa kulia, na ushauri wote unageuka.

Mwana_Philly: Takle. Mwaka 2013 Eagles wetu wa Philadelphia walimchukua takle Lane Johnson, chaguo la 4, na zaidi ya miaka kumi baadaye bado alikuwa anafunga ule upande wa kulia.

Chuma_Kati: Na wa 2 mwaka huohuo? Luke Joeckel, takle pia, Jacksonville hawakufaidika naye. Jason Kelce wenu alikuwa senta wa raundi ya 6. Anza katikati! Chiefs wa Kansas City walipochapwa 31-9 na Tampa Bay kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, kwotabeki wao Mahomes akikimbizwa usiku kucha, drafti iliyofuata ya 2021 walimpata Creed Humphrey raundi ya 2 na Trey Smith raundi ya 6. Senta na gadi hao.

Mwana_Philly: Mbona humtaji gadi Thuney waliyemsajili, wala takle Orlando Brown waliyempata kwa kutoa chaguo za drafti? Drafti peke yake haikuwatosha.

Simbamilia_Ohio: Yadi_Kumi, mimi ni shabiki wa Bengals wa Cincinnati, nisikilize. Novemba 2020 kwotabeki wetu Burrow aliumizwa goti akiwa mgeni kwenye ligi. Aprili tukawa na chaguo la 5, takle Penei Sewell yupo mezani. Tukamchukua mpokeaji Ja'Marr Chase. Sewell akaenda Detroit, wa 7. Raundi ya 2 tukamchukua Jackson Carman tumfanye gadi, na Humphrey bado alikuwepo! Carman hakushika namba. Msimu ule Burrow aliangushwa mara 51. Tennessee wakamwangusha mara 9 kwenye mechi moja ya mtoano, tukaponea 19-16. Super Bowl, mara 7. Jaribio letu la mwisho tunahitaji yadi moja tu, Chase anakimbia peke yake mbele, lakini Aaron Donald, mlinzi wa Rams wa Los Angeles, ameshamkamata Burrow. Tulilala 23-20. Sijawahi kuumia na mpira namna ile.

MamaKwotabeki: Pole sana, kaka. Lakini bila Chase mngefika Super Bowl? Yadi 1,455 msimu wa kwanza!

Simbamilia_Ohio: Tungefika na Sewell, halafu tungeshinda. Wapokeaji wazuri hupatikana kila mwaka hadi raundi ya 2. Takle kama yule hutamwona raundi ya 3.

Chuma_Kati: Donald alipitia ndani, mkuu. Sewell ni takle, angekaa pembeni. Hapo ndipo ninaposema senta na gadi.

Yadi_Kumi: Nachagua wa 6. Timu siitaji, wapinzani wangu wanasoma humu.

MamaKwotabeki: Na mkono wa kwotabeki je?

Mwana_Philly: Jordan Mailata pia msimsahau. Raundi ya 7, 2018, wa 233, katokea raga ya Australia, hakuwa amecheza hata mechi moja ya mpira huu. Kocha wa safu ya mbele, Stoutland, akamfinyanga akawa takle wa kushoto wa bingwa.

Nairobi_Skramu: Sasa hapo mmegusa penyewe. Kenya tuna vijana wa raga wa kutosha. Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasajiliwa na Colts wa Indianapolis mwaka 2013, Mkenya wa kwanza NFL.

Chuma_Kati: Adongo walimweka lainibeka, yaani mlinzi wa nyuma ya safu, si wa safu ya mbele. Mailata ana futi 6 na inchi 8, na zaidi ya kilo 160. Propu (mchezaji wa mbele wa skramu) wa kimo hicho Kenya yuko wapi?

Nairobi_Skramu: Sio propu, tazama wachezaji wa safu ya pili, wale wanaoruka kudaka mpira unaporushwa kutoka pembeni (lainauti). Urefu wanao, miguu ni myepesi. Uzito unaongezwa jikoni.

Mwana_Philly: Kilo 50 za jikoni, mkuu? Na magoti yatabeba?